Askari wa Dadaab asiachwe peke yake

Gari la doria likilipuliwa katika barabara za Garissa, waliokufa hupewa heshima ya bendera, na majeruhi hupelekwa Nairobi kwa ndege. Waliotoka wazima hupangiwa zamu ya kesho.

Juni 2023 maafisa wanane wa polisi waliuawa katika kaunti hii baada ya gari lao kulipuliwa na bomu lililotegwa barabarani. Machi 23, 2025, wapiganaji waliivamia kambi ya polisi ya Biyamadhow na kuua polisi wa akiba sita. Kila mara viongozi hutuma rambirambi, na wanafanya vyema. Ila yule aliyemtoa mwenzake kwenye mabati yaliyoungua, akambeba, akarudi kambini na kukuta kitanda cha jirani kitupu, huyo hatusikii habari zake tena. Akili yake imebaki barabarani, na saa kumi na moja alfajiri anaitwa apande gari jingine apite palepale.

Msimamo wetu ni huu. Msongo wa mawazo wa askari wa Dadaab unatokana zaidi na jinsi anavyopangwa kazini kuliko udhaifu wowote wa moyo wake, na dawa yake ya kwanza ni watu: mwenzake wa zamu, mkuu wake wa kituo, mke au mume, mama mzazi, imamu au padri. Serikali inampeleka mahali ambapo karibu wote hao wako mbali naye, inamhamisha peke yake, inamrudisha peke yake, kisha inashangaa anapovunjika.

Tuanze na mahali penyewe. Dadaab iko kilomita 100 hivi kutoka mji wa Garissa, kwa barabara ya mchanga ambayo kila rundo la udongo uliochimbuliwa karibuni ni swali. Ukiendelea mbele unafika Liboi, mpakani. Kambi za wakimbizi zilianza mwaka 1991, zikajengwa kwa ajili ya watu 90,000. Mwaka 2011, njaa ya Somalia ilipokuwa kali, waliokuwamo walizidi 400,000. Katikati ya watu wote hao, askari anaishi nyuma ya seng'enge na magunia ya mchanga. Mwaka 2018 serikali iliamua kwamba polisi watoke kwenye nyumba za kambi, wapewe marupurupu ya nyumba, wapange miongoni mwa raia. Nakuru au Thika agizo hilo lina maana. Hapa askari atapanga nyumba wapi, na nani atakubali kumleta mke na watoto? Kwa hiyo analala kambini na familia iko Kitale au Machakos, na mshahara mmoja unalisha nyumba mbili.

Kinachobaki ni simu. Ndiyo maana tunasema minara ya mawasiliano inayolipuliwa kila mara Garissa, Wajir na Mandera isihesabiwe hasara ya kampuni peke yake. Mnara ukianguka, konstebo anapoteza sauti ya mtoto anayemweleza alivyofanya mtihani, na mkewe anakaa siku tatu bila kujua kama mume yu hai. Mtandao ukirudi, mazungumzo huwa mafupi.

"Baba Brian, uko sawa?"

"Niko sawa, mama. Watoto wamelala?"

Wake wengi wa polisi wanayajua mazungumzo hayo kwa moyo, na wanajua kwamba "niko sawa" si jibu. Mwanamume hataki kumtia hofu mkewe usiku, na mke hataki kumwongezea mzigo kwa kumwambia karo haijalipwa. Kila mmoja anamficha mwenzake kwa mapenzi, na hivyo wote wawili wanabaki bila wa kumwambia.

Likizo nayo haina uhakika. Ukiipata, bado kuna barabara. Wakati wa mafuriko ya mwishoni mwa 2023, na tena Aprili 2024, maji ya Mto Tana yalikata barabara pale Madogo, na Garissa ikatengwa na Nairobi. Hayo ni ya Mungu. Yasiyo ya Mungu ni likizo inayosogezwa mbele mara ya tatu kwa sababu hakuna wa kushika nafasi, na askari anayeambiwa asubiri mwezi mwingine bila kuelezwa mwezi huo unaisha lini. Mtu anaweza kuvumilia kazi ngumu akijua tarehe ya kuondoka. Asiyeijua tarehe hana cha kuhesabu.

Tunakumbuka pia yaliyotokea Januari 2020, walimu watatu walipouawa katika shule ya Kamuthe, hapa hapa Garissa. Tume ya Kuajiri Walimu iliwaondoa walimu wasio wenyeji kaskazini mashariki. Hatuwalaumu walimu kwa kuondoka. Maisha yao yalikuwa hatarini, ingawa watoto wa Garissa bado wanalipia pengo lile. Tunachosema ni kwamba askari hakuwa na njia hiyo. Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 24, inaruhusu sheria kupunguza baadhi ya haki za walio jeshini na polisi, na miongoni mwa hizo zimo haki za mfanyakazi na haki za kiuchumi na kijamii. Askari hana chama cha wafanyakazi cha kumsemea wala hawezi kugoma. Mwajiri aliyepewa uwezo wa namna hiyo juu ya mtu amebeba pia wajibu wa kumtunza.

Hapa tunataka kukaa kidogo na jambo moja, maana ndilo linalowaua maafisa wetu kimya kimya: hofu ya kusema.

Fikiria konstebo ambaye tangu mlipuko hajalala usiku mzima. Akisikia mlango wa gari ukifungwa kwa nguvu anaruka. Anajua mkuu wa kituo ni mtu mwema. Je, aende kumwambia, "Afande, silali"? Anapima. Akisema, bunduki itarudishwa ghalani, na hilo ni sawa, maana mtu asiyelala hafai kushika silaha. Kesho wenzake watamwona akizunguka kambini mikono mitupu, na kila mmoja atajua. Ataitwa mgonjwa wa akili, ataondolewa kwenye orodha ya kozi, jina lake litapita kando siku ya kupandishwa vyeo. Anaamini kwamba akiisalimisha bunduki hiyo haitarudi tena, na hadhi yake imekwenda nayo. Basi anasema yuko sawa. Anabaki na ugonjwa na anabaki na silaha, vyote viwili.

Matokeo tumeyaona. Desemba 2021, Kabete jijini Nairobi, askari mmoja alimuua mkewe na watu wengine kwa bunduki ya kazi, kisha akajiua. Hatudai kujua yaliyokuwa moyoni mwake. Tunajua tu kwamba nchi ilishtuka kwa wiki moja, tukasikia ahadi za washauri nasaha, na hofu ya konstebo kwenda kwa afande ikabaki ilivyokuwa.

Isitoshe, kwa miaka mingi sheria yenyewe ilikuwa inamziba mdomo. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Polisi ndio waliokuwa wakitumwa kumkamata. Askari aliyewahi kumtia pingu mtu wa namna hiyo angewezaje kumwambia mkubwa wake kwamba fikra hizo zimemjia yeye? Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hukumu hiyo isomwe katika kila gwaride la asubuhi, kuanzia Dadaab hadi Mandera, kwa Kiswahili chepesi, ili kila afisa asikie kwa masikio yake kwamba kuomba msaada si kosa.

Dawa tunayoipendekeza si ngeni, na haikutoka hospitalini. Askari wa majini wa Uingereza, wale wa Royal Marines, walianza miaka ya 1990 utaratibu wa kufundisha askari wa kawaida, wa vyeo vya chini na vya juu, namna ya kuketi na mwenzao aliyepita kwenye tukio zito, kumsikiliza kwa mpangilio siku chache baadaye, na kumrudia tena baada ya wiki kadhaa kuona kama anaendelea vyema. Hawakungoja daktari afike melini. Walijua kwamba baharia hamfungulii moyo mgeni mwenye kalamu. Anamfungulia yule aliyelala kitanda cha chini yake. Anayeonekana kuzidiwa ndipo anapelekwa kwa mtaalamu, akiwa amesindikizwa na mtu anayemwamini. Baadaye vikosi vingine vya usalama viliufuata utaratibu huo.

Somo hilo la baharini linafaa nchi kavu. Kambi ya polisi ya Dadaab ni kama meli: watu wachache, ukuta pande zote, hakuna anayetoka jioni kwenda kutembea. Tofauti ni kwamba wanamaji hung'oa nanga pamoja na kurudi pamoja. Septemba 28, 2012, wanamaji wa Kenya waliposhiriki kuwafikisha wanajeshi kwenye ufuo wa Kismayu, Somalia, walikwenda kama kikosi, na nyuma yao palikuwa na Mtongwe, kambi ambamo mke wa baharia ana jirani ambaye mume wake yuko kwenye chombo hicho hicho. Hatusemi wanajeshi hawaumii. Familia za wanajeshi wetu waliouawa El Adde, Somalia, Januari 15, 2016 zingetupinga mara moja. Tunasema mke wa konstebo aliye Dadaab, akiwa chumba cha kupanga Kitale, hana jirani hata mmoja anayejua mumewe amelala wapi.

Wakati wa vita vya Afghanistan, Waingereza hao hao waliwapitisha wanajeshi wao kisiwa cha Cyprus kwa muda wa siku moja na nusu hivi kabla ya kuwarudisha nyumbani. Walioga baharini, wakala, wakazungumza, wakiwa na wale wale waliopigana nao. Askari wetu anayemaliza miaka yake Dadaab hupata barua ya uhamisho, anafunga mkoba, anapanda basi. Kufikia usiku yuko Nairobi katikati ya honi na kelele za makanga, na hakuna anayemjua. Garissa kuna nafasi, kuna kumbi, kuna mto. Siku mbili za kukaa pamoja kabla ya kutawanyika hazihitaji bajeti ya Bunge.

Kuna wengine wanaoumia askari anapoachwa peke yake, nao ni wakimbizi. Desemba 2011, miezi miwili baada ya wafanyakazi wawili wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka kutekwa nyara katika kambi ya Ifo na jeshi letu kuingia Somalia, vilipuzi viliua polisi hapa Dadaab. Wenzao walitoka kambini kwa hasira wakaingia makazi ya wakimbizi. Walipiga watu hovyo na kupora mali, na ubakaji ukaripotiwa. Shirika la Human Rights Watch liliyaandika hayo katika ripoti yake ya Mei 2012. Waliopigwa walikuwa watu waliokimbia wapiganaji wa Al-Shabaab, wale wale wanaotega mabomu haya.

Msongo si kisingizio cha uhalifu. Aliyempiga mama asiye na hatia au kumdhulumu msichana anapaswa kusimama mbele ya hakimu, na tungesema hivyo hata kama angekuwa ndugu yetu. Lakini kamanda anayepeleka kikosi kilichozika mwenzao jana kwenda kufanya msako leo naye aulizwe. Kikosi kilicholipuliwa kipumzishwe doria za makazi ya watu kwa siku kadhaa, kikosi kingine kishike zamu. Hatua hiyo inamlinda askari na inamlinda mkimbizi kwa wakati mmoja, na hatuoni sababu yoyote ya kuichelewesha.

Upweke wa askari una sura nyingine ambayo haitajwi sana. Wengi wanaoletwa Dadaab hawajui Kisomali. Mtu akizungumza sokoni, askari anasikia sauti tu na kuona hatari. Kila kijana mwenye begi anakuwa mshukiwa, na kuishi hivyo miezi kumi na minane kunachosha kuliko jua. Askari anayejua kusalimia, anayeketi na wazee wa kambi ya Hagadera wakinywa chai ya maziwa, anayewajua kwa majina vijana wa kikundi cha amani na ulinzi cha wakimbizi, huyo ana watu wengi wanaomlinda. Tunashauri wiki chache za Kisomali kabla ya mtu kuletwa huku. Ni usalama, na pia ni tiba. Sasa kwa kuwa serikali, kupitia Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025, inataka kambi ziwe makazi ya kawaida ambamo wakimbizi na wenyeji wataishi pamoja, askari hawezi kubaki mgeni peke yake.

Na polisi wa akiba? Hao ni wana wa hapa. Wanaijua njia, lugha na koo, na mara nyingi ndio wa kwanza kufa, kama wale sita wa Biyamadhow. Wana familia karibu, ndiyo, lakini ukaribu huo ni mzigo pia, kwa kuwa anayewawinda anajua watoto wao wanasoma wapi. Hatuoni ni kwa haki gani mshauri nasaha aketi na konstebo aliyenusurika na kumpita polisi wa akiba aliyekuwa naye kwenye gari moja.

Serikali haiwezi kusema haijui. Jopokazi lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga liliundwa Desemba 2022 kuchunguza hali ya kazi katika polisi, magereza na Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), likakabidhi ripoti yake Novemba 2023. Mjadala wa umma uliishia kwenye nyongeza ya mshahara. Mshahara ni haki, na posho ya mazingira magumu ni haki. Lakini hakuna posho inayoketi na mtu saa nane za usiku. Kabla ya hapo, mwaka 2020, jopokazi la afya ya akili chini ya Dkt. Frank Njenga lilitaka magonjwa ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi inasema ina kitengo cha ushauri nasaha. Basi kitengo hicho kionekane Dadaab. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, iko zaidi ya kilomita 450 kutoka hapa. Ndani ya kambi ya Dagahaley, mkimbizi aliyeshuhudia mauaji anaweza kupata mshauri katika hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka, na tunashukuru kwa hilo. Askari anayelinda barabara ya kufika huko anastahili mshauri wake, wa kudumu, anayelala Dadaab na kula vumbi lile lile, asiye chini ya amri ya mkuu wa kituo na asiyeandika chochote kwenye faili la nidhamu.

Inspekta Jenerali hahitaji sheria mpya ili kuanza. Atoe agizo kwamba afisa atakayesema mwenyewe kwamba hayuko sawa ataweka silaha ghalani bila kuandikwa kosa, atabaki na mshahara, cheo na kazi isiyo ya silaha, na atapewa tarehe ya kupimwa tena ili arudishiwe bunduki yake akipona. Tarehe hiyo iandikwe. Aagize likizo za Dadaab ziwe na ratiba inayobandikwa ukutani, na kamanda anayeivunja aandike sababu. Apeleke maafisa huku kwa makundi, waje pamoja na kuondoka pamoja.

Na wewe msomaji mwenye kaka, dada au mtoto aliye na sare huko Dadaab, Liboi au Hulugho, mpigie leo mtandao ukiwapo. Usimuulize kama yuko sawa, maana unajua atakavyojibu. Muulize anakula na nani, kisha nyamaza umsikilize.